Cha Juu

Siku ya kwanza ya mafunzo, kabla hata hatujajitambulisha, mwezeshaji alituuliza nani kati yetu amewahi kununua kitu Kariakoo kwa kupitia winga. Mikono yote ilipanda. Tulikuwa watu kumi na wanane katika chumba cha ghorofa ya tatu, hatua chache kutoka Mtaa wa Msimbazi, feni moja inazunguka na nyingine imekufa, kelele za barabarani zinaingia dirishani bila hodi. Akauliza tena: nani siku hiyo alijua bei halisi ya dukani? Mikono yote ikashuka.

"Basi," akasema, "mkitoka hapa msiende kuwa mawinga wa shida za watu."

Tulicheka. Mimi nilicheka kuliko wengine, kwa sababu mtoto wa mama yangu mdogo ni winga wa Mtaa wa Kongo, na ndiye aliyenipokea nilipofika Dar es Salaam kutoka Kasulu. Niliiandika sentensi ile kwenye daftari na kuipigia mstari. Imenichukua mwaka mzima kugundua kwamba mwezeshaji alikuwa amewaonea mawinga.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kushikwa mkono pale Kariakoo: winga hana duka wala mzigo. Ana miguu, mdomo na kumbukumbu. Anakukuta umesimama umeduwaa, anakuuliza unatafuta nini, anakupeleka kwenye duka ambalo peke yako usingeliona, la chumba cha tatu ndani ya jengo ambalo kwa nje linauza ndoo tu. Mwenye duka ana bei yake. Winga anakutajia bei nyingine. Tofauti ya bei hizo mbili inaitwa cha juu, na ndiyo inayolipa kodi yake ya chumba.

Mafunzo yenyewe yalikuwa ya siku tatu, kwa watu wanaotaka kuwasaidia wakimbizi wanaoishi mjini: wanasheria vijana, watu wa ustawi wa jamii, mwalimu mmoja wa madrasa, mchungaji mmoja, na sisi wanafunzi. Mimi nasoma shahada ya uzamili ya sosholojia pale Mlimani. Nilichukuliwa kwa sababu moja tu: ni Mha, na Kiha na Kirundi vinasikilizana. Kitu ambacho shuleni Dar nilikuwa nakificha, kwa kuchoka kuulizwa "wewe ni Mha au Mrundi?", sasa kilikuwa sifa ya kazi.

Siku ya kwanza ilikuwa ya sheria, na ilikuwa fupi kwa sababu sheria yenyewe haina mengi ya kumpa mtu wa mjini. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaka mkimbizi aishi katika eneo lililotengwa, na akitaka kutoka awe na kibali. Maeneo hayo yako Kigoma: Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996, iko wilayani kwetu Kasulu; Nduta iko Kibondo. Kutoka huko hadi Kariakoo ni zaidi ya kilomita elfu moja. Lakini watu wanakuja. Wanakuja kwa ajili ya matibabu, kwa ajili ya kazi, au kwa sababu mtu waliyemkimbia wamemkuta kambini, au kwa sababu walizaliwa mjini na hawajui kuishi penye hema. Mwaka 2001 mtafiti Marc Sommers alichapisha kitabu kiitwacho Fear in Bongoland, kuhusu vijana Warundi waliotoroka makazi ya wakimbizi wakaja Dar es Salaam kushona nguo huku wakificha asili yao. Miaka imepita, vyerehani vimebadilika, hofu ni ile ile.

Majirani zetu wameshughulika na jambo hili kwa namna zao. Uganda, kwa sheria yake ya mwaka 2006, inamruhusu mkimbizi kuishi Kampala, ingawa huko mjini anajitegemea. Kenya, mwaka 2013, Mahakama Kuu ilizuia mpango wa serikali wa kuwahamishia kambini wakimbizi wa mijini, katika kesi iliyofunguliwa na Kituo cha Sheria pamoja na wakimbizi wenyewe. Kwetu mkimbizi wa mjini ni mtu ambaye, kwa karatasi, hatakiwi kuwepo.

Linaloumiza ni kwamba jiji hili lina kumbukumbu nyingine. FRELIMO ilizaliwa hapa hapa mwaka 1962. Kamati ya Ukombozi ya OAU ilikuwa na makao yake hapa. Mwalimu Nyerere alipewa Tuzo ya Nansen, tuzo ya wanaowahudumia wakimbizi, mwaka 1983. Na bado mwaka 2014 nchi hii iliwapa uraia Warundi wapatao 162,000 waliokimbilia hapa mwaka 1972. Kulikuwa na wakati mkimbizi alikuwa na ofisi mjini Dar es Salaam, na jina lake limeandikwa mlangoni. Leo mwenzake anaulizwa jina na anatafuta la kujibu.

Siku ya pili ilikuwa ya siri na ahadi. Usitoe jina la mtu. Usiahidi kitu ambacho si chako. Usiseme "usijali, yataisha", kwa sababu hujui kama yataisha, na yeye atailalia sentensi hiyo kama mto.

Siku ya tatu ilikuwa ya ukalimani, na hapo ndipo nilipokuta jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Mkalimani hasemi "anasema aliondoka". Anasema "niliondoka". Mtu akisema mume wake aliuawa, wewe unasema "mume wangu aliuawa". Sababu ni ya kikazi: maneno yanabaki mafupi, na aliyeko upande wa pili anamtazama mwenye habari, hakutazami wewe. Lakini tulipofanya mazoezi, wawili wawili, wenzangu kadhaa walikwama kwenye neno hilo moja. Mchungaji alisema linamtisha. Alisema amezoea kusema kwa niaba ya Mungu, ila hajawahi kusema kwa niaba ya mtu aliyekaa kiti cha pembeni anamsikiliza. Tulicheka tena. Sasa naona alikuwa ameelewa kuliko sisi. Kumkopesha mtu mdomo wako ni sawa na yeye kukukopesha nafsi yake. Kwa dakika arobaini, "mimi" inayotoka kinywani mwako si yako.

Mimi sikukwama. Mwezeshaji alinisifu kwamba naifanya kana kwamba nimezaliwa nayo.

Shirika lililonipokea kama mtu wa kujitolea nitaliacha bila jina, kwa kuwa kosa ninalotaka kulieleza halikuwa lake. Yule mama nitamwita yule mama. Alikuwa na umri wa mama yangu. Kazi yake, mtaa wake na mwaka aliofika sitaviandika. Kiswahili chake kilikuwa cha salamu na bei. Nilipomwamkia kwa lugha ya nyumbani aliinua kichwa haraka, kama mtu aliyeitwa na mtu wa kwao katikati ya soko.

Wiki ya tatu ya kujitolea kwangu nilimsindikiza kwenda kupanda mwendokasi pale Gerezani. Njiani tulikutana na mwanaume mmoja aliyekaa naye nyumba jirani. Akasalimia, akanitazama, akauliza, kwa mdomo wa utani na macho yasiyotania: "Dada, huyu mama ni wa kwenu Kigoma kweli?" Yule mama alikuwa amewaambia majirani kwamba ni Mha wa Kasulu. Nilijibu kabla sijafikiri: "Wa kwetu kabisa. Ukoo mmoja." Mwanaume akacheka, akapita. Yule mama hakusema kitu mpaka tulipofika kituoni. Kisha akanishika mkono, akasema, "Mwanangu." Basi.

Wiki ya tano nilikaa naye katika chumba kidogo pamoja na mwanasheria kijana aliyekuwa akiandika maelezo yake. Mwanasheria aliuliza kwa Kiswahili, mimi nikapeleka, nikarudisha, naye akaandika kwa Kiingereza. Akauliza: kwa nini uliondoka kijijini kwako? Yule mama alijibu kwa sauti ya mtu anayeelekeza njia ya kisimani: "Tulisikia wanakuja. Tukaondoka."

Nilisubiri aendelee. Hakuendelea. Mwanasheria alikuwa ameinua kalamu ananitazama.

Nikaona maneno yale ni machache mno. Nilikuwa nimeshasikia habari za wengine kutoka tarafa ile ile. Nilijua huko watu waliingiliwa usiku. Niliona huruma, na niliona aibu kwa niaba yake, kama vile ameleta zawadi ndogo kwenye harusi kubwa. Nikasema: "Walikuja usiku. Tukasikia makelele, tukakimbia na nguo tulizovaa."

Yule mama alinitazama kidogo. Huenda alilikamata neno "usiku". Nilidhani ananishukuru.

Na nilifanya jambo la pili ambalo ni baya zaidi, ingawa wakati ule lilinijia kwa wepesi kama pumzi. Utaratibu unataka mtu asomewe maelezo yake kabla ya kutia sahihi. Mwanasheria aliyasoma kwa Kiswahili, mimi nikayapeleka. Tulipofika pale, nilimsomea yule mama maneno yake mwenyewe: mlisikia wanakuja, mkaondoka. Akatikisa kichwa kukubali. Akatia sahihi chini ya karatasi iliyosema kitu kingine.

Miezi miwili baadaye aliitwa kuhojiwa mbele ya maofisa. Mkalimani alikuwa mtu mwingine, aliyefanya kazi yake inavyotakiwa. Yule mama alisema alichosema siku zote, kwamba walisikia wanakuja, wakaondoka. Akaulizwa: mbona maelezo yako ya mwanzo yanasema walikuja usiku, mkakimbia? Hakuwa na jibu. Hakujua kwamba kuna jibu la kutafuta. Kimya chake kiliandikwa.

Mwanasheria alinipigia simu jioni ile. "Siku ile alisema nini hasa?" Nami nilikaa kimya, na katika kimya changu nilikisikia chake. Kisha nikamwambia.

Hakunigombeza. Angenigombeza ingekuwa afadhali. Alinieleza, taratibu kama anayemfundisha mtoto, kwamba Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 unazungumzia hofu yenye msingi. Hauulizi kama ulichomwa kisu. Unauliza kama uliogopa na kama ulikuwa na sababu ya kuogopa. Mkataba wa OAU wa mwaka 1969 ukaenda mbali zaidi, ukamhesabu kuwa mkimbizi hata yule aliyelazimika kuondoka kwa sababu ya vurugu kubwa katika nchi yake. Mtu aliyesikia wanakuja, akaondoka kabla hawajafika, ndiye hasa ambaye mikataba hii iliandikwa kwa ajili yake. "Ile sentensi ilikuwa inatosha," alisema. "Ile sentensi ndiyo ilikuwa kesi yenyewe."

Nimeyafikiria maneno hayo kuliko chochote nilichosoma darasani mwaka huu. Sheria, ambayo tunailaumu kwa ubaridi, ilikuwa tayari kumwamini mwanamke aliyeogopa. Huruma yangu ndiyo iliyomtaka aumie zaidi kwanza. Nilikuwa na kipimo kichwani, kilichotengenezwa na picha za kwenye ripoti na mabango, na habari yake haikufikia kipimo. Badala ya kukitilia shaka kipimo, niliijaza habari.

Niliandika barua ya kueleza kwamba tofauti ile ilitokana na mkalimani, nikatia sahihi yangu. Sijui ilifika mezani kwa nani. Ninachojua ni kwamba ilipoandikwa, simu ya yule mama ilikuwa haipatikani, na haijapatikana tena.

Kwa wiki nyingi sikumwambia mtu. Kisha jioni moja nilimfuata ndugu yangu Mtaa wa Kongo, saa ambayo maduka yanavuta mageti na mabua ya maboksi yamejaa barabarani. Tulikaa juu ya marobota, tukinywa kahawa kwenye vikombe vidogo. Nikamsimulia. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo kwa winga ni heshima kubwa.

"Kwa hiyo uliongeza kwenye mzigo," alisema.

"Niliongeza kwenye maneno."

"Ndiyo mzigo wake huo. Dada, sisi tunaongeza kwenye bei. Mzigo hauguswi." Akaonyesha kwa kidevu duka la vitenge lililokuwa linafungwa. "Nikimwambia mteja kitenge hiki hakichuji, halafu akakifua kikachuja, atarudi kwa nani? Kwa mwenye duka. Atamtukana mwenye duka. Mimi niliyeongopa niko kona nyingine na mteja mwingine. Aibu inamwangukia asiyesema. Ndiyo maana winga wa hivyo hapa hakai. Wenye maduka wenyewe wanamfukuza."

Nilimwambia asijipambe, kwamba hata yeye anaishi kwa sababu mteja hajui bei.

"Kweli," alisema. "Ila mteja anajua mimi ni winga. Anajua hapa katikati kuna changu. Yule mama alijua una chako?"

Sikuwa na jibu, na swali hilo nimelibeba mpaka leo. Kwa sababu changu kilikuwepo. Cheti cha mafunzo. Sura ya tatu ya tasnifu yangu, iliyokuwa ikisubiri mahojiano. Na juu ya vyote, ile raha ya kuhisi kwamba nimemwokoa mtu, ambayo haitozwi kodi na haionekani kwenye risiti yoyote. Mtu wa kujitolea husema hana anachopata. Nadhani hapo ndipo hatari ilipo. Winga anakijua cha juu chake hadi shilingi ya mwisho. Sisi tunakichukua bila kukihesabu.

Lakini sasa nirudi kwenye ule uongo wa kwanza, wa njiani kwenda Gerezani, kwa sababu hapo ndipo penye swali gumu. Huo siujutii. Nimejaribu kuujutia, nimeshindwa. Je, nina haki gani ya kujutia mmoja na kuukumbatia mwingine?

Mwaka 1797 Immanuel Kant aliandika insha fupi akishikilia kwamba hata muuaji akikugongea mlango na kukuuliza kama rafiki yako amejificha ndani, huna haki ya kumdanganya. Wanafunzi wengi wanapoikuta insha hiyo hudhani mzee alikuwa amechoka. Rafiki yangu mmoja anayesoma falsafa ananipinga. Anasema: ukishajipa ruhusa ya kusema uongo kwa nia njema, nani atakuonyesha mahali pa kuishia? Nia yako mwenyewe? Na lazima nikiri kwamba mimi ni mfano wake mzuri. Wiki ya tatu nilidanganya barabarani, nikashikwa mkono na kuitwa mwanangu. Wiki ya tano ulimi ule ule uliingia ofisini ukiwa umeshazoea.

Hata hivyo simfuati hadi mwisho. Nikiziweka siku hizo mbili pamoja, naona tofauti, nayo haiko kwenye ukubwa wa uongo wala kwenye nia, maana nia ilikuwa moja. Tofauti ni kwamba uongo wa barabarani ulikuwa wa yule mama. Aliuchagua mwenyewe, aliujua, alijua kwa nini anauvaa na nini kitamtokea ukivuka. Mimi nilikataa tu kumvua nguo hadharani. Uongo wa ofisini nilimvalisha mimi, akiwa hana habari, kisha nikamwacha atoke nje mbele ya watu akiwa ameuvaa. Wote wakauona isipokuwa yeye.

Kwa hiyo kipimo nilichobaki nacho si kama nimesema kweli tupu, wala kama nimetaka mema. Ni swali hili: mwenyewe anajua nilichosema kwa jina lake?

Najua kipimo hiki peke yake hakitoshi. Rafiki yangu wa falsafa aliuliza mara moja: na kama mwenye shida mwenyewe anataka uongeze chumvi, kwa kujua kabisa? Nadhani hapo kujua lazima kuwe kujua hadi mwisho. Anajua kwamba jambo moja la uongo likigundulika, mambo tisa ya kweli yanaenda nalo? Anajua kwamba mwanasheria wake haruhusiwi kupeleka mbele kitu anachojua si kweli? Mara nyingi mtu anaongeza chumvi kwa sababu hajui kwamba kweli yake inatosha. Amesikia mtaani kwamba bila kovu hupokelewi. Kazi yetu ni kumwambia bei halisi ya dukani. Akishaijua, aseme anachosema, nasi tukipeleke kama kilivyo.

Hapo ndipo ninapotofautiana na mafunzo yale, ingawa nayashukuru. Tulifundishwa sheria, siri na lugha. Tulifundishwa kumwogopa afisa asiyejali na jirani mwenye maswali. Hakuna saa hata moja tuliyofundishwa kujiogopa wenyewe, kuiogopa huruma yetu inapotazama habari ya mtu na kuiona ndogo. Neno kutetea kwa Kiswahili lina joto. Linamleta mtu anayesimama mbele, anayepaza sauti. Lakini sehemu kubwa ya kazi hii ni kujizuia, kukaa na sentensi ya maneno matatu na kuiacha iwe maneno matatu.

Mwaka huu niliombwa kuzungumza na kundi jipya, katika chumba kile kile. Feni ya pili bado haijatengenezwa. Niliwaeleza niliyoyaeleza hapa, na haikuwa rahisi. Kisha tukafanya zoezi dogo. Mtu mmoja anasimulia jambo la kawaida, jinsi alivyochelewa basi asubuhi. Mwenzake anairudia habari hiyo kwa "mimi". Wengine wanahesabu kilichoongezeka. Kila mmoja aliongeza. Mmoja aliongeza mvua, katika mwezi wa kiangazi. Mwingine alimwongezea konda asiye na adabu. Walipoambiwa walibisha, wakaapa kwamba wamesikia hivyo, mpaka msimuliaji mwenyewe akasema hapana, konda alikuwa mpole. Kama kwenye basi la asubuhi hatuwezi kumwacha mtu na habari yake, tufikirie itakuwaje penye damu.

Tasnifu yangu itakwenda bila yule mama. Maelezo yake nimeyatoa. Nilikuwa na fomu ya ridhaa yenye sahihi yake, kamili kwa taratibu zote za chuo, lakini mimi ndiye niliyemtafsiria fomu hiyo, na sahihi iliyopatikana kwa ulimi wangu siwezi tena kuitegemea.

Imebaki insha hii. Kwa kipimo changu mwenyewe ina kasoro, maana hajui kwamba naiandika, na ningempata ningemsomea yote, neno kwa neno, kwa lugha yake, kabla mtu mwingine hajaisoma. Nimejaribu kuchukua kilicho changu tu, yaani kosa. Cha kwake hapa ni sentensi moja, aliyosema walisikia wanakuja, wakaondoka. Nimeiandika kama alivyoisema, bila cha juu.